Ordinateri ya Asmani

Asmani aliiona bahati yake pale mwaloni Rumonge, ukingoni mwa ziwa, siku wavuvi walipokuwa wamezunguka moteri ya mutumbwi iliyokataa kuwaka, kila mutu anaipiga makofi kama punda. Ilikuwa mwaka wa uhuru. Wazungu wa mashine walikuwa wamefunga virago, na moteri zimebaki yatima, hakuna wa kuziuliza zinaumwa wapi.

Akatengeneza sanduku la mbao: taa nyekundu juu, waya pembeni, na chini kabisa kibonyezo kinachojulikana na kidole gumba cha muguu wake tu. Asubuhi mapema anapita kwenye mitumbwi, "Amahoro, amahoro," mukono mumoja unasalimia, mwingine unachomoa buji, kile kidude kinachotoa cheche. Jua likipanda moteri zinagoma, na Asmani huyu hapa.

"Hii iko ordinateri, mashine ya akili ya Wazungu," anasema. "Inafikiri yenyewe. Mimi niko mubebaji tu. Ordinateri, ni mafuta?"

Taa kimya.

"Ni buji?"

Taa inawaka. Na kwa rehema za Mungu, buji iko mufukoni mwake, ya kuuza.

Zamu ikafika kwa Kulthumu, mujane mwenye mutumbwi mukubwa. Asipoingia ziwani siku hiyo, wavuvi wake wanahamia kwa tajiri mwingine.

"Bwana Asmani, moteri ingoje," alisema. "Kazi hii imenichosha peke yangu. Natafuta mutu wa kugawana naye nusu kwa nusu. Sanduku lako lina akili, linichagulie."

Masikio ya Asmani yalisimama. "Litachagua, mama. Lakini likisema limesema."

"Ndiyo nataka. Ila swali nitaliuliza mwenyewe. Mambo ya mujane hayatangazwi."

Akainama, akalinong'oneza sanduku muda murefu, mupaka akapangusa jicho.

Wanaume wakapanga mustari. Hamissi akashika waya: giza. Léonard, aliyenawa mikono kabisa na sabuni: giza. Mwishoni Asmani akasema, kwa aibu ya kuigiza, "Na mimi nishike, kwa haki tu."

Taa ikawaka karibu ipasuke.

"Mimi? Jamani, nani atabishana na akili?"

"Sanduku halidanganyi?" Kulthumu akauliza.

"Halijawahi," Asmani akawahi kujibu mbele ya wote.

"Murakoze, asante sana. Nililiuliza nani anaiba buji zetu. Moteri zote ugonjwa mumoja, dawa mufuko mumoja. Hata surua haina mpango hivyo."

Asmani akalitazama sanduku lake kwa huzuni. "Leo liko na homa, mama."

"Liko zima. Rudisha buji mahali pake, kisha panda mutumbwini. Niliahidi nusu kwa nusu, na mimi niko mutu wa neno langu. Kwenda, moteri. Kurudi, wewe na makasia."

Wiki iliyofuata alikuja mutu wa Kabezi, moteri yake imegoma, anaulizia ordinateri. Wavuvi wakamuonyesha ziwani.

"Ile pale," Hamissi alisema. "Inayotoa jasho."