Vita vya Chipu ya Baba Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nafasi imejileta yenyewe! Kompyuta ya baba mkwe, pale kwenye duka lake la kuchapa na kutoa nakala, imegomea mfumo mpya. Inadai haioni chipu ya usalama. Mzee amechoka, anataka kupumzika. Amesema atakayeiponya ndiye atakayekabidhiwa duka. Tuko wawili tu: mimi na mwanyumba wangu, yule aliyeoa mdogo wa mke wangu. Mpole, kazi yake kutabasamu. Simwogopi ng'o! Nimemwambia mzee kompyuta nimezaliwa nazo. Mke wangu akaguna.

Jumanne, tarehe 4

Nimeifungua. Chali chini ya meza, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vumbi tupu! Nikapiga chafya, bisibisi ikadumbukia ndani. Bisibisi nimeipata, chipu sikuiona. Kumbe mashine ilisema kweli! Nikamweleza mzee kwamba imeibwa, na kwamba mimi si mtu wa kutaja watu, ila mwanyumba alionekana dukani juzi. Mzee akauliza ni mwizi gani anayeacha kompyuta nzima na kubeba punje. Wazee hawaelewi wizi wa kisasa.

Jumatano, tarehe 5

Akili ni nywele, kila mtu ana zake! Kadi ya benki ina chipu, tena ya usalama. Nimechukua kadi ya zamani ya mke wangu, nikaikata vizuri, nikaibandika ndani kwa gundi ya viatu. Nikawasha. Bado haioni. Labda gundi haijakauka.

Jioni: kumbe kadi haikuwa ya zamani. Mke wangu amefoka mpaka majirani wakazima redio ili wasikie vizuri. Naandika haya sebuleni, ndiko ninakoishi kwa sasa.

Alhamisi, tarehe 6

Mwanyumba kaja mikono mitupu. Hata bisibisi hana! Akawasha, akabonyeza kitufe, akaingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa. Akasema chipu imo siku zote, ila ilikuwa imezimwa. Akaiwasha. Mfumo mpya ukaingia. Basi! Halafu akaniita kaka, akanishukuru kwa kufuta vumbi. Dharau hiyo! Mzee atamkabidhi funguo Jumapili, mbele ya ukoo mzima. Imeniuma, sikatai. Nilikwenda nyuma ya duka nikajifanya naongea na simu.

Jumamosi, tarehe 8

Bado nimo! Mwanyumba hakuficha alichobonyeza, na mimi nina macho. Leo nimejitolea kufagia duka. Mzee akafurahi, akaniombea dua. Alipotoka tu, nikaingia kwenye mipangilio, nikaizima chipu. Kesho mwanyumba akiiwasha atahangaika mbele ya wakwe, jasho likimtiririka, nami nitasogea taratibu niiwashe kwa kidole kimoja. Funguo zangu hizo!

Na ili asiniwahi, nimeifunga mashine kwa nenosiri. Bila hilo haifunguki. Gumu ajabu, herufi, tarakimu na alama za mshangao. Hakuna binadamu atakayelibahatisha. Nimehakikisha mwenyewe: tangu asubuhi najaribu, na imekataa katakata.