Vibuyu vya Kokwijuka

Egbert alipofika Kyabishenge aliona mambo mawili kabla hajateremka kwenye baiskeli: kwamba mji ule ulikuwa mdogo kuliko majivuno yake, na kwamba ng'ombe aliyekuwa akila majani kando ya njia alikuwa na pembe za kumtoa mtu machozi.

Enzi hizo za kodi ya kichwa, Kyabishenge ilikuwa na maduka mawili, fundi cherehani, kanisa la nyasi na migomba isiyo na mwisho. Lakini kila mwaka, kahawa ikishauzwa, watu wa Kanoni hadi Nyakahanga walikuja kwenye sherehe yake ya rubisi, ile pombe ya ndizi, na wengine walirudi kwao wakitambaa. Mji unataka cheti gani zaidi ya hicho?

Egbert alizaliwa huku huku, akakulia Mwanza kwa kazi ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Alivua kofia, akatangaza kwamba serikali inatengeneza kitabu cha miji midogo na sherehe zake, na mji utakaoingia kitabuni utapata barabara ya lori. Mwandishi ni yeye. Kile kisanduku cheusi kifuani ni kamera. Tangu siku hiyo hakununua chakula. Kuku walimjia wenyewe, kana kwamba wameitwa shaurini. Alimpiga picha fundi cherehani, akampiga picha mwinjilisti, akapiga hata jiwe ambalo mwenye shamba aliapa kwamba mfalme aliwahi kulikalia.

Ng'ombe yule aliitwa Bihogo, mali ya mzee Byabato, mtu mwenye mkono mgumu hata nzi walipita kwake bila kutua. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alitaka iandikwe kwamba aliyeuanzisha mji ni yeye.

"Mzee wangu, mgeni akikusifu watasema amehongwa," Egbert akamwambia kwa huzuni ya kitaalamu. "Lakini ndugu akimsifu ndugu, nani atahoji?"

Basi wakachanjiana. Chale ndogo tumboni, buni ikapasuliwa, kila mmoja akaitia nusu yake katika damu yake na kumpa mwenzake ameze. Ndiyo omukago, na sheria yake Egbert aliijua tangu kwa babu yake: ndugu wa damu akija na kibuyu cha rubisi akaomba kitu, huna ruhusa ya kukataa. Ukikataa, tumbo linavimba mpaka lipasuke. Hakuna aliyewahi kupasuka, maana hakuna aliyewahi kujaribu.

Kokwijuka, mke wa Byabato, aliyaona yote akiwa jikoni. Alikwenda kwa majirani kuazima vibuyu.

Siku ya sherehe, ngoma zilipokolea, Egbert alichukua kibuyu alichopewa kama mgeni wa heshima, akapiga goti mbele ya umati wote.

"Ndugu yangu, pokea. Naomba Bihogo."

Byabato alikunywa kama anayekunywa dawa ya minyoo. Kamba ikatoka mkononi mwake, machozi yakaifuata. Egbert akaipokea kwa unyenyekevu mkubwa, huku jicho moja limeshaanza kupima njia ya kwenda mnadani.

Hapo Kokwijuka akamtia mumewe kibuyu mkononi. "Baba Deodatha, kwani undugu una upande mmoja?"

Byabato akakohoa, akafikiri, uso ukamfunguka. "Ndugu yangu Egbert, pokea. Naomba Bihogo."

Egbert akautazama umati, akalitazama tumbo lake. Akanywa. Kamba ikarudi. Akarukia kibuyu kingine ili naye aombe tena, lakini Kokwijuka alikuwa amevizunguka vyote kama kuku aliyeatamia.

"Shemeji, cha mgeni umeshakitoa. Hivi ni vya mzee."

Kilichofuata kiliomba baiskeli. Kilichokifuata hicho, koti na kofia. Kingine, kamera, ambayo ilipofunguliwa ilikutwa na paja la kuku la kubanika, kazi nzuri ya serikali. Kufikia hapo Egbert alikuwa akigawa kwa furaha na kumkumbatia kila anayepita.

Asubuhi kichwa kilimrudi. Akataka kuondoka. Byabato akamweleza kwa upole kwamba ndugu haondoki bila kuomba ruhusa, na kuomba bila kibuyu ni matusi.

"Shemeji, niazime kimoja tu," Egbert akamwambia Kokwijuka.

Kokwijuka akamwonyesha mtumbwi wa kukamulia, umejaa ndizi zilizoiva. "Miguu si unayo?"

Mwandishi wa serikali akakunja suruali. Akakanyaga ndizi na majani mpaka mapaja yakamwaka moto, akachuja, akatia mtama, akasubiri ichachuke, huku watoto wakimuuliza kama na hayo yataingia kitabuni. Wajuzi walikiri kwamba Kyabishenge haijawahi kupata mkanyagaji kama yule.

Rubisi ilipoiva akajaza kibuyu cha jasho lake mwenyewe, akapiga goti. "Ndugu yangu, pokea."

Byabato akanywa, akajifuta midomo, macho yamemlegea kwa utamu. "Omba ruhusa yako, ndugu yangu, uende salama."

Egbert akaitazama njia ya Bukoba, nyeupe na wazi. Kisha akazitazama zile pembe.

"Naomba Bihogo."

Byabato akageuka kumtafuta mkewe. Kokwijuka alikuwa ameshainama nyuma ya mlango, akipapasa kibuyu.