Ngege Asiyekaangwa

Jumanne, 14 Oktoba
Presha ya Mwikali imepanda. Daktari wa zahanati amemwambia aache vya kukaanga, ale samaki wa kuchemsha. Mke wangu ni Mkamba, samaki hamjui. Nikamwambia aniachie mimi Mjaluo, mtu wa ziwa. Mtu wa ziwa! Nimezaliwa hapa Changamwe. Ziwa nimeliona mara mbili, zote nimekwenda mazishini, na samaki nililetewa kwenye sahani. Nzai, jirani yetu Mgiriama, akajitolea kunionyesha anavyochemsha samaki aina ya changu. Nikamjibu kwamba samaki wa bahari ana chumvi mwilini, hamfai mgonjwa. Ningeweza kunyamaza.

Jumatano, 15 Oktoba
Soko la Kongowea. Ngege wawili wa barafu, samaki wa ziwa hasa, wameletwa na lori kutoka bara. Muuzaji akauliza kama anisafishie. Nzai alikuwa nyuma yangu na nazi zake. Nikasema mtu wa ziwa hasafishiwi samaki. Nyumbani magamba yakaruka hadi kwenye pazia. Nikatia kisu tumboni, kitu cha kijani kikapasuka. Nikadhani ndiyo mafuta yake, nikayaacha. Nyanya, kitunguu, ndimu, moto. Mchungu kama mwarobaini. Mwikali akauliza kama ndivyo anavyotakiwa kuwa. Nikasema ndivyo tunavyomla kwetu, uchungu huo ndio unaoshusha presha. Akammaliza wake, machozi yakimtoka, akasema asante. Mimi nikadai nimeshiba. Nimeona haya hata kujitazama kwenye kioo.

Alhamisi, 16 Oktoba
Mwikali alikuwa amempelekea Nzai yule ngege wa pili kwenye bakuli, aonje. Nzai akaja mlangoni, akaniambia taratibu, ndugu yangu, umepasua nyongo. Awe wa bahari, awe wa ziwa, nyongo hutolewa nzima. Nikamwambia ya ziwa awaachie wenye ziwa. Kisha nikaketi kitandani, nimenywea. Nilipaswa kumwambia Mwikali. Badala yake nikapata wazo.

Ijumaa, 17 Oktoba
Wazo ni Gladys. Anauza ngege wa kukaanga karibu na reli. Nimenunua wawili, nikawaosha kwa maji moto, nikawachemsha na nyanya. Watamu ajabu! Mwikali akampigia dada yake simu kunisifu. Mafuta yalielea juu ya mchuzi. Niliyaengua kwa kijiko alipogeuka.

Jumatano, 22 Oktoba
Gladys kila siku. Leo zahanati: presha imepanda zaidi. Daktari akauliza mgonjwa anakula nini. Mwikali akajibu kwa fahari kwamba anachemshiwa samaki na mumewe. Daktari akasema basi huenda dawa ndiyo haitoshi, akamwongezea. Mimi nilikuwa pale pale, nikisoma bango la kunawa mikono. Nimelisoma lote. Nimerudi nyumbani nikiona aibu kumshika mkono.

Alhamisi, 23 Oktoba
Shangazi Emmaculate amefika kutoka Homa Bay. Akamgeuza ngege kwenye sahani, akaona ngozi ya kahawia, imekakamaa. Akauliza, mwanangu, huyu alikaangwa na nani kabla hujamchemsha? Nikakiri. Nyongo, Gladys, yote. Mwikali hakufoka. Alisema yule mchungu alimmaliza kwa sababu nilimpikia kwa mkono wangu, na huyu mtamu ndiye aliyemuumiza. Akaenda kulala. Nimelia jikoni, na vitunguu havikuwepo.

Jumapili, 2 Novemba
Presha imeshuka. Daktari amepunguza dawa. Mwikali ananicheka tena, jambo nisilostahili. Shangazi, aliyekuwa akimpikia mwenyewe, ameondoka juzi baada ya kunifundisha: nyongo itoke nzima, maji kidogo, moto mdogo, funika, usikoroge. Nimeelewa kila kitu. Kila nikijaribu, nyongo inapasuka.

Leo kanisani mchungaji akasema wanaume tujifunze kuwapikia wake zetu chakula kisicho na mafuta. Akauliza nani ataonyesha Jumamosi, mbele ya watu wote. Mwikali akanikazia jicho. Mkono wangu ulikuwa umeshapanda.

Jioni nimepita kwa Gladys. Nimemwomba safari hii asiwakaange sana, wasibadilike rangi.