Twiga wa Marlys, Hoteli Yangu

Jumatatu, 7 Oktoba

Leo nimeamua. Kabla majira ya baridi hayajaisha, mimi Lowell Pruitt wa Toledo, Ohio, nitakuwa na changu Florida. Si hoteli nzima, la. Kandarasi ya pointi katika Klabu ya Palmetto. Kila mwaka unapewa pointi zako, unazigeuza kuwa siku za kulala kwenye hoteli za klabu. Shemeji yangu Denny, kaka yake mke wangu Marlys, alinunua kwa klabu wenyewe, bei ya dukani, wakamtupia na kofia. Miaka sita sasa tunaishi na ile kofia. Mimi nitanunua mtumba! Kuna watu wamezeeka, wamechoka, wameachana, wanauza kandarasi zao nusu bei. Pointi ni zilezile.

Kazi iliyobaki ni kuchagua hoteli ya nyumbani. Kila kandarasi ina hoteli moja iliyo kwake. Pale kwako unaruhusiwa kushika chumba miezi kumi na moja kabla ya safari. Hoteli nyingine zote za klabu, miezi saba, na unachukua walichobakiza wenyewe.

Marlys anatimiza miaka sabini tarehe 4 Desemba mwakani. Nimemuuliza anataka wapi. Alikuwa anamenya viazi na wala hakuinua kichwa. Acacia Ridge, kule kwenye twiga. Wameizungushia hoteli mbuga ya kutengeneza, unavuta pazia asubuhi unamkuta twiga anatafuna. Anataka Corinne, binti yetu, aje kutoka Arizona na wale mapacha, waamke wote mahali pamoja. Haijawahi kutokea tangu Corinne aolewe. Nimemwambia ahesabu ameshapata.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mtumba wa Acacia Ridge umepatikana! Dalali ni mama mmoja wa Orlando, Rosalind Achterberg. Mwuzaji ni mjane wa Sarasota. Nimepiga simu mara tatu leo. Nimemweleza Rosalind habari za goti langu, za pensheni yangu, za miaka thelathini na moja niliyokagua lifti za mji huu bila mtu hata mmoja kuanguka. Mjane ameshuka. Nikaugua kidogo kwenye simu. Ameshuka tena.

Rosalind amenionya. Eti klabu wana haki ya kwanza: kila mtumba lazima waonyeshwe bei, na wana siku thelathini za kuamua kama watauchukua wao kwa bei hiyohiyo. Bei ikiwa chini mno, wanaunyakua. Nimemshukuru kwa upole. Anaililia kamisheni yake, huyo.

Nimeibandika bei yangu kwenye kijiwe cha mtandaoni cha wenye kandarasi. Ndiyo desturi yao, kila mtu anataja alichopatana na siku anazosubiri. Mtu wa Indiana ameandika kwamba bei hiyo italiwa. Wivu mtupu.

Jumatatu, 11 Novemba

Imeliwa.

Klabu wameuchukua, kwa bei ileile niliyoitolea jasho. Maana yake nimekaa mwezi mzima nawapatania bei matajiri, bure, kwa goti langu mwenyewe! Nimetembea uani mpaka nyasi zimelala.

Marlys aliuliza ningeongeza kiasi gani ili upite. Nikamjibu kuwa kwa maneno ya Rosalind, anayelipa bei iliyotajwa huwa anapita tu. Lakini mwanamume anayelipa bei iliyotajwa, nikamwambia, na anunuliwe kofia kabisa. Marlys akaomba namba ya Rosalind, eti ampe pole kwa kazi iliyopotea. Nimempa. Mke wangu ana roho nzuri mpaka kwa madalali.

Alhamisi, 28 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Denny amekatia watu bata mzinga kwenye meza yangu, kwa kisu changu, na kofia kichwani. Yeye hoteli yake ya nyumbani ni hiyohiyo Acacia Ridge, na watu wote pale mezani wanajua, hata jirani aliyekuja kurudisha ngazi anajua. Mimi nilitulia. Yeye akaninyooshea kisu.

"Shemeji, nunua pale unapotaka kulala. Basi. Hakuna elimu nyingine."

Marlys akatikisa kichwa kukubali, huku anakula. Nimeona. Nikajiongezea mchuzi, kwa sababu mpango mpya tayari ulikuwa kichwani, mzuri kuliko wa kwanza.

Pelican Shore! Hoteli ya klabu ufukweni, saa mbili kwa gari kutoka kwa twiga. Mitumba yake ni bei ya kutupa. Klabu hawana hamu nayo hata kidogo, kwa hiyo hawatanyakua. Nanunua pointi za baharini, nalala kwa twiga. Miezi saba ni muda mrefu jamani, mtoto anazaliwa kabla ya wakati na anaishi. Ada ya mwaka iko juu kwa kuwa bahari inalitafuna jengo. Hilo ni dogo. Nimezitazama lifti zao kwenye picha. Lifti safi sana.

Nilimweleza Marlys jikoni wageni walipoondoka. Aliuliza kama Pelican Shore kuna twiga. Nikasema kuna mwari, yule ndege wa pwani. Akasema sawa, akaendelea kufunga nyama iliyobaki.

Alhamisi, 6 Februari

Imepita! Klabu hawakuigusa. Rosalind anasema hajawahi kuona wakijibu haraka hivyo, siku mbili badala ya thelathini. Nadhani niliwatisha.

Sasa mimi ni mwenyewe wa Pelican Shore. Nimebandika kijiweni. Mtu wa Indiana amenipa pole. Huyu mtu ana matatizo.

Kwenye bahasha ya karatasi za umiliki kulikuwa na barua nyingine. Kimbunga cha Oktoba kilibeba paa la upande wa mashariki, na wenye hoteli tunachangia. Nimeikunja barua vizuri nikaiweka nyuma ya saa ya ukutani.

Marlys amekuwa mtulivu tangu Januari. Haulizi kitu. Jana nilimkuta anaimba huku anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Umri, nadhani. Nimezidi kuazimia. Mwanamke anayetulia hivyo hastahili kuvunjwa moyo.

Jumamosi, 3 Mei

Nianze mwanzo.

Kuna ujanja unaitwa kuvuta. Siku ya miezi saba ya tarehe unayoitaka, watu wote wanavamia. Wewe unawatangulia: wiki moja kabla unashika chumba cha tarehe ya nyuma ambayo haigombewi, halafu kila asubuhi saa mbili kamili unakisogeza siku moja mbele. Unakiburuta chumba chako polepole mpaka ufike unapotaka. Ni halali. Ni ustadi. Denny hawezi.

Jumamosi iliyopita nilikipata! Acacia Ridge, tarehe 26 Novemba. Tangu hapo nimeamka kila siku kwa kengele mbili. Jumapili nikavuta, kikaja. Jumatatu kikaja. Jumanne nilivuta nikiwa na sabuni usoni, kikaja. Ningeweza kumbusu twiga mwenyewe. Alhamisi, mwanzo wa Desemba, kikagoma. Nikavuta na kompyuta, nikavuta na simu, nikavuta na tableti ya Marlys. Ukuta! Mtandao umeniandikia kwa adabu kwamba hakuna nafasi.

Kumbe wenye Acacia Ridge nao wanavuta, na wamevuta tangu Januari, kwenye ile miezi yao kumi na moja. Wiki nzima ya kwanza ya Desemba imejaa tangu theluji ikiwa barazani. Leo, siku niliyoitia duara jekundu kwenye kalenda, nilijaribu tena saa mbili kamili. Imejaa. Nimeingia orodha ya kusubiri. Mtu wa Indiana anasema orodha hiyo hajaona ikitoa mtu mwezi wa Desemba.

Sijui nitamwambia nini Marlys. Corinne ameshaomba likizo. Mapacha wamechora twiga, karatasi iko kwenye friji, twiga ana miguu sita. Nimekaa kwenye gereji muda mrefu na nimeona aibu kweli.

Jumapili, 4 Mei

Nimemeza fundo nikaenda kwa Denny. Anaosha mashua ambayo haijawahi kugusa maji. Nikaomba anitafutie chumba kwa pointi zake. Akasema pointi zake za mwaka zimekwisha, amezimalizia kwenye safari za gofu. Nikamwahidi mashine yangu ya kusukuma theluji. Nikamwahidi na kuivaa ile kofia kanisani.

Akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Nilitegemea kejeli, nilikuwa nimejiandaa. Badala yake akanipigapiga begani.

"Shemeji, nenda nyumbani kwa mkeo. Muulize yeye."

Nikaenda. Marlys alikuwa anakunja shuka. Nikamwambia yote, kuvuta, ukuta, mpaka barua ya paa. Akasema barua ameshaiona, saa ya ukutani huwa anaifuta vumbi yeye. Halafu akasema chumba kipo. Acacia Ridge, tarehe 3 Desemba, vyumba viwili vya kulala, upande wa twiga.

Nimefurahi mpaka nikashika meza. Halafu nikaelewa. Denny! Alitushikia Januari kwa pointi zake, ndiyo maana zimekwisha, na hadithi ya gofu ni ya kujifanya mnyenyekevu. Nitakula keki ya mke wangu kama mgeni wa Denny. Sawa. Kwa ajili ya Marlys nitakula, na nitatabasamu.

Jumatano, 3 Desemba

Acacia Ridge. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya uso ndani ya ndege.

Hapa wenye hoteli husalimiwa kwa maneno yao maalumu. Mgeni wa kawaida anaambiwa karibu. Mwenyewe anaambiwa karibu nyumbani. Nilifika mapokezi mbele ya wote, nikamwambia binti wa pale kuwa sisi ni wageni wa Bwana Dennis Kowalczyk, nikalitamka vizuri bila kuuma meno. Akatafuta. Akasema hana jina hilo wiki hii. Nikataja langu. Akapitisha macho juu ya bega langu, akamtazama Marlys aliyekuwa nyuma yangu na mkoba wake.

"Bi Pruitt, karibu nyumbani."

Nilipigwa na butwaa. Corinne hakupigwa. Mapacha hawakupigwa. Hata Denny kwenye simu hakupigwa, nilipompigia kutoka chooni. Mke wangu alinunua mtumba wake Novemba mwaka jana, kwa Rosalind, kwa pesa zake za kustaafu za miaka yote ile ya mapokezi kwa daktari wa meno. Simu moja tu. Alilipa bei iliyotajwa. Kandarasi ikafungwa siku ya pili ya mwaka, na siku iliyofuata saa mbili asubuhi, wakati mimi nasukuma theluji nje, alishika chumba kwa kidole kimoja huku anakunywa kahawa.

Bei iliyotajwa! Nimelazimika kukaa chini.

Alhamisi, 4 Desemba

Mke wangu ametimiza miaka sabini.

Niliamka nikamkuta barazani na blanketi, mapacha wamemlalia huku na huku, Corinne nyuma yake anamsuka nywele kama yeye alivyokuwa akisukwa utotoni. Chini yetu twiga watatu. Mmoja alikuwa na ulimi mweusi mrefu wa ajabu. Nilisimama mlangoni na soksi zangu, nikaogopa hata kuusogeza mlango.

Baadaye, watoto walipoenda kula, nilimwomba radhi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Hakukasirika, alinishika mkono.

"Lowell, nilikwambia hapa siku ya kwanza kabisa. Wewe ulikuwa unasikiliza bei."

Nimekaa na maneno hayo siku nzima. Ni kweli. Kila neno. Nimemwahidi kwamba kuanzia leo nitasikiliza anapotaka, basi, na bei nitaiacha ipite zake. Akanibusu kipara. Tumekula keki yenye twiga wa sukari, nami sikuuliza iligharimu kiasi gani.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimeanza kusikiliza na matunda yameonekana siku hiyohiyo!

Asubuhi, kwenye uji, Marlys alimwambia Corinne kwamba mwakani angependa kuona milima, ile ya Carolina, majani yakiwa yanageuka rangi. Nilisikia vizuri. Nikarudia moyoni: milima, Carolina, majani. Neno lake, si langu. Klabu wana hoteli moja kulekule milimani. Nikaingia mtandaoni kabla uji haujapoa, nikiwa na nia safi ya kununua pale anapotaka kulala.

Mitumba ya milimani ipo, lakini wanataja bei kama vile majani yenyewe ni ya dhahabu. Chini yake kulikuwa na mwingine, nikaushangaa. Carolina hiyohiyo! Pointi tele, na wauzaji wana haraka, wametalikiana juzi, kila mmoja anataka mwenzake asipate. Hoteli iko pwani, ndiyo, kwenye kisiwa kidogo, karibu na kiwanda cha kusindika kamba wa baharini. Lifti mpya kabisa.

Nimemtumia Rosalind bei yangu, nusu ya waliyotaja, na nimemgusia goti. Marlys sijamwambia bado, nataka imshangaze. Kutoka kisiwani hadi milimani ni saa sita tu kwa gari, na sehemu kubwa ya njia ni lami.