Maziwa ya Mama Kutoka Modogashe

Jumatatu, 10 Februari 2025

Nina mpango. Safari hii hauna kasoro.

Ijumaa ni siku ya wapendanao, ya kwanza tangu Baba atuache. Mama hajasema lolote. Lakini jana nilimkuta amelitoa lile gauni jekundu sandukuni, akalikunja upya na kulirudisha. Iliniuma.

Nilipokuwa mdogo, Baba alifundisha Modogashe na sisi tuliishi hapa Garissa. Kule hakukuwa na maua. Kwa hiyo kila mwaka siku hiyo alimpa Dagane, dereva wa lori, kibuyu cha maziwa ya ngamia, amletee Mama, kimefungwa utepe mwekundu uliobaki kwenye michezo ya shule. Mama alivaa gauni na kukaa mlangoni tangu asubuhi. Lori likifika, alifungua kifuniko na kufumba macho. Mimi na dada yangu Kathure tulijua kwamba siku hiyo hata tukivunja sahani hatuchapwi.

Nitayarudisha maziwa hayo. Kathure, aliyeko Thika na anayejiona ndiye mtoto wa maana, atajua ni nani anayemjua Mama.

Jumanne, 11 Februari

Kathure amepiga simu. Atamtumia Mama maua ya waridi kwa basi. Waridi! Garissa! Februari! Nimemwambia ni wazo zuri sana.

Nimempata Dagane soko la ngamia. Amezeeka, bado anaendesha. Aliuliza kibuyu kiko wapi. Kibuyu cha Baba, Mama amekiweka juu ya kabati, nikikishusha atashtuka. Nimempa mtungi wa plastiki kutoka dukani mwangu, mpya, wa manjano, ule mkubwa kabisa, aujaze maziwa Modogashe. Baba alituma kibuyu kimoja kidogo. Mimi nitamzidi.

Jumatano, 12 Februari

Nimemuuliza Mama Hawo, jirani yetu anayeuza maziwa, kwa nini yake hayaharibiki njiani. Nimeuliza kama mzaha tu. Akasema ni moshi: chombo hufukizwa kwa vijiti vinavyofuka, ndipo maziwa yatiwe. Nikataja plastiki. Akanitazama kwa huruma, akaniita hooyo, kama mama wa Kisomali amwitavyo mwanawe.

"Hooyo, blastiki hafukizwi. Itayeyuka."

Nimempigia Dagane simu. Hapatikani. Basi, maziwa ni maziwa. Watu wa zamani walikuwa na wasiwasi mwingi.

Alhamisi, 13 Februari

Maua yamefika ofisi ya basi. Nimemwambia karani nitayachukua kesho, leo duka lina wateja. (Halina.) Ofisi ile ina paa la mabati na haina hata feni. Sijamfanyia mtu ubaya. Mabati sikuyaweka mimi.

Ijumaa, 14 Februari

Mama amevaa gauni! Nusura nilie. Linamlegea mabegani siku hizi.

Kisha akaniuliza maua yako wapi. Kumbe Kathure alishamwambia. Nikakimbia hadi ofisi ya basi. Yalikuwa yamekauka kama majani ya chai. Mama aliyashukuru hivyo hivyo na kuyatia kwenye maji.

Baada ya swala ya Ijumaa ya msikitini, lori likafika. Mtungi ulikuwa umevimba tumbo. Nikaufunga utepe, nikaubeba mwenyewe hadi mlangoni kwa Mama. Akashika kifuniko. Kiliruka hadi juu ya paa! Maziwa yaliyochacha yakarukia gauni, maua, na viatu vya Dagane. Mbuzi wa jirani akaja, akanusa, akaenda zake. Nikamlaumu Dagane. Nikalaumu jua. Nikailaumu na barabara.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akalia. Akaniambia hakuwahi kuyanywa maziwa yale, maana yalimsumbua tumbo. Miaka yote alimpa Mama Hawo. Nikamuuliza, sasa mlangoni alikuwa akingoja nini?

"Moshi," akasema. "Baba yako alikifukiza kibuyu mwenyewe, uani kwake. Kilinukia kama mashati yake. Nikifungua, ni kama ameingia."

Nikamuuliza leo nimfanyie nini.

"Keti hapa. Tangu tumzike hujaketi na mimi hata kikombe kimoja cha chai kikaisha."

Nimeketi. Tumezungumza habari za Baba: jinsi alivyokuwa akipiga chafya mpaka kuku wanatawanyika, jinsi alivyokuwa akiimba vibaya kanisani bila aibu. Nilimkumbuka. Mama alinishika mkono na hakuuachia hadi chai ikaisha. Sikumbuki siku nyingine nzuri hivi mwaka huu.

Jumamosi, 15 Februari

Sasa nimeelewa. Moshi! Kosa langu lilikuwa kushughulika na maziwa.

Nimemwagiza Dagane gunia la kuni zile zile za Modogashe. La, magunia matatu. Mwaka ujao nitafukiza nyumba nzima: mapazia, magodoro, gauni lenyewe. Kathure akituma maua, nayo nitayafukiza. Nimeanza kuchora ramani ya mahali pa kuweka majiko, na ni kazi inayotaka utulivu mkubwa.

Mama ameniita mara ya pili, anasema chai inapoa. Nimemjibu atangulie kunywa, nina shughuli.