Katibu wa Tusichekwe na Neno la Siri

Jumatatu, 14 Julai 2025

Leo nimenunua kompyuta! Si mpya. Lukman, fundi wa pale Mkuyuni, anasema ilitumiwa na mtu mmoja tu, tena mstaarabu. Herufi W imefutika, lakini ipo. Ukiigonga kwa hasira inaandika.

Sababu ya kununua: Yeremia. Huyu ni shemeji yangu, kaka yake Wilhelmina, mke wangu. Jana kwenye kikao cha kikundi chetu cha ngoma, Tusichekwe, ilisomwa barua ya kamati ya mashindano ya Bujora. Mwaka huu vikundi kumi tu. Kujiandikisha ni kwa barua pepe, mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Yeremia akasimama na tableti yake mkononi. Akasema yeye yuko tayari, na kwamba labda sasa ni wakati wa kuwa na katibu wa kisasa.

Katibu ni mimi! Mwaka wa kumi na tisa huu! Nikasimama nikasema barua pepe ninayo siku nyingi. (Sina.) Watu wakapiga makofi. Wilhelmina alikuwa anatazama viatu vyake.

Kibaya ni kwamba mama mkwe naye alipiga makofi. Mama mkwe, mama yao Wilhelmina na Yeremia, ndiye manju wetu, yeye anaimbisha na sisi tunaitikia. Ana miaka sabini na nane. Hatujapata nafasi Bujora kwa miaka tisa, na ameshatangaza kuwa mwaka huu ataimba pale kwa mara ya mwisho, halafu basi, akae apumzishe magoti. Kupitia kwa Wilhelmina, kama heshima inavyotaka, aliniletea ujumbe kwamba ananitegemea.

Ananitegemea! Sijalala vizuri.

Jumanne, 15 Julai

Lukman amekuja kwangu Kiseke kuunganisha mitambo. Akanipa masharti matatu. Neno la siri liwe gumu. Nisifuate barua ya nisiyemjua. Na namba zinazokuja kwenye simu nisimsomee mtu hata akiwa padri.

Nikamwambia, kijana, mimi nimekulia kwenye boma la ng'ombe mia na arobaini, nani atanifundisha ulinzi? Mwizi anajulikana. Mwizi hasalimii. Lukman akaomba maji ya kunywa.

Anwani imekula asubuhi nzima. "Katibu" limechukuliwa. "Katibu mkuu" limechukuliwa. "Ndalahwa" limechukuliwa, na nani sasa?! Mwisho nikapata: katibuhalisiwatusichekwe. Wilhelmina akauliza mtu ataiandika wapi yote hiyo. Nikasema atafute karatasi ndefu.

Kisha neno la siri. Kwanza niliweka jina la dume la ng'ombe la marehemu baba. Bahati mbaya nina mazoea ya kusoma kwa sauti ninachoandika. Gladness, jirani yetu muuza dagaa, akaniambia kutoka dirishani kwamba jina ni zuri, ila siku hizi wanataka na namba. Nikafuta. Nikaweka jina langu mwenyewe. Mashine ikasema ni dhaifu. Dhaifu! Mimi!

Ndipo akili ikanijia. Kwetu jina la mkwe halitajwi. Miaka thelathini na saba ya ndoa sijawahi kulitamka, hata usingizini, Wilhelmina ni shahidi. Basi nimeweka jina la mama mkwe! Lile la kuzaliwa, si la ubatizo, na mwaka wa ndoa yetu nyuma yake. Hata wanipige, hata wanining'inize, halitoki. Vidole si mdomo, kwa hiyo kuligonga hakuhesabiki. Nililigonga macho nimeyafumba, kwa heshima. Mara ya pili nilifungua jicho moja, maana mashine ilitaka uhakika. Hapa kwenye shajara sithubutu kuliandika.

Fomu imetumwa, na nakala kwa wanakikundi wenye barua pepe, waone! Nimeifunga kompyuta kwa mnyororo wa baiskeli kwenye mguu wa kitanda. Yeremia aje sasa.

Jumatano, 16 Julai

Barua mbili leo.

Ya kwanza ni ya ovyo kabisa. Eti thibitisha ushiriki wa kikundi, bofya hapa kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Hakuna shikamoo. Hakuna habari za asubuhi. Hakuna hata jina la aliyeandika. Mtu kaingia nyumbani kwa watu bila hodi, halafu anatoa amri! Nimeitupa kwenye pipa la taka la mle mle ndani ya kompyuta. Wilhelmina, aliyefundisha darasa la tatu miaka thelathini, akauliza kama si ya kamati hiyo. Nikamweleza kwamba kamati ni watu wazima, na watu wazima husalimia.

Ya pili, loh! Shikamoo mzee wangu. Pole na majukumu. Mama hajambo? Mimi ni kijana wako Pius, wa kitengo cha usalama wa barua pepe. Nikajikuta naitikia marahaba peke yangu chumbani.

Kaweka namba ya simu. Nikampigia. Sauti ya upole, kijana amelelewa. Akasema kuna wezi wanainyemelea barua pepe yangu, nimtajie neno la siri ili aliimarishe. Nilitaka sana kumsaidia. Lakini nitalitajaje? Nikazungukazunguka. Nikasema ni jina la mtu. Akauliza mtu gani. Nikasema aliyemzaa aliyewazaa wanangu. Akauliza huyo anaitwa nani. Nikamuuliza kama ameoa. Akasema bado. Nikamfundisha heshima ya ukweni kwa dakika kumi na moja, vocha yangu mwenyewe.

Akasema basi nimwandikie tu. Nimwandikie mwanamume nisiyemjua jina la mkwe wangu! Nikakataa katakata. Akaomba radhi, mtoto wa watu. Akasema ipo njia nyingine isiyonivunjia heshima. Itakuja namba kwenye simu yangu, nimsomee hiyo namba tu.

Namba haina mkwe. Nikamsomea, pole pole, asikosee. Vijana wote wangekuwa kama Pius nchi hii ingekuwa mbali.

Alhamisi, 17 Julai

Kompyuta imenikana. Nagonga neno la siri, inasema silo. Nagonga tena, silo. Nikaligonga macho wazi kabisa, Mungu anisamehe. Silo!

Nilikuwa bado nimevaa fulana ya ndani na bukta, naibembeleza W, mara nikasikia kilio uani. Natoka: Gladness, khanga kichwani, analia. Nyuma yake Yeremia na watu kumi na wawili wa Tusichekwe. Wana kiroba cha unga, kuku mmoja na ngoma moja, sijui ngoma ya nini. Kumbe usiku walipata barua kutoka kwangu, kwamba nimepata ajali mbaya Shinyanga, siwezi kusema, nitumiwe pesa haraka. Yeremia ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzunguka na daftari la mchango. Nikamshukuru kwa ubaridi. Akaniambia nivae suruali.

Na mama mkwe alikuwepo. Katoka Bujora alfajiri kwa bajaji na magoti yale. Aliponiona nimesimama mzima, aliketi kwenye ngazi ya mlango wetu, akajifunika uso kwa khanga, mabega yakawa yanatikisika. Mimi nilisimama nyuma ya mlango na bukta yangu. Roho iliniuma jamani. Nilitaka kumwambia mama, nisamehe. Nimwambie kupitia kwa nani? Wilhelmina naye alikuwa analia.

Yeremia akaenda pembeni na simu, akarudi uso umebadilika. Kamati wanasema fomu yetu wanayo ila hatujathibitisha. Uthibitisho lazima utoke kwenye anwani ileile iliyotuma fomu. Bila hivyo, kesho saa kumi nafasi yetu anapewa mwingine. Akauliza kama nimethibitisha. Nikasema uko njiani. Wote wakanitazama, na kuku pia.

Kuku tulimla. Alikuja kwa msiba, lakini nyama ni nyama. Mama mkwe amelala hapa. Nimewaza sana neno moja: "ananitegemea". Pius hapokei simu.

Ijumaa, 18 Julai

Naandika kabla sijasahau.

Lukman alifika saa nane mchana. Nikamweleza habari za Pius. Akakaa chini. Akanikumbusha sharti la tatu, la padri. Nikamwambia Pius hakusema yeye ni padri. Akashika kichwa.

Akasema siku hazijapita nyingi, tunaweza kuirudisha. Mashine inataka vitu viwili: namba itakayokuja kwenye simu yangu, na neno la siri la mwisho ninalolikumbuka mimi. Akasema haya mzee, nitajie.

Sebuleni tulikuwa mimi, Lukman, Wilhelmina, Yeremia. Na mama mkwe, kwenye kiti cha dirishani, anachambua mchele.

Nikasema nitaligonga mwenyewe. Nikanyoosha kidole. Mama mkwe akainua macho. Kidole kikagoma! Kuligonga jina la mkwe wakati mkwe anakutazama, nani kawahi kufanya jambo hilo tangu dunia iumbwe? Nikarudi nyuma. Saa tisa na robo. Yeremia akasema shemeji, gonga. Nikasema siwezi. Akasema tunapoteza Bujora. Nikasema najua! Nikapiga kelele mbele ya mkwe, sijawahi. Nikasema naomba wanivue ukatibu, wampe yeye leo hii, lakini hilo neno haliwezi kutoka kwangu.

Saa tisa na nusu. Wilhelmina alikuwa ananitazama usoni. Miaka thelathini na saba si mchezo, akajua. Akaweka mkono mdomoni. Akauliza kama ni la kuzaliwa au la ubatizo. Nikasema ni lile ambalo padri hakulitoa, na mwaka wa ndoa yetu uko nyuma yake. Akaanza kucheka mpaka akashika ukuta, kisha akaenda akamnong'oneza mama yake.

Nikatoka nje. Nilisimama kwenye jua karibu na tangi la maji, vidole masikioni, macho nimefumba. Yaliyofuata nimesimuliwa na Wilhelmina. Kwamba mama mkwe aliweka ungo chini, akafunga khanga vizuri, akasogea mpaka kwenye kompyuta. Lukman akamwambia ataje tu, yeye ataandika. Akakataa. Akasema mwaka sabini na nne kwenye kisomo cha watu wazima alikuwa wa kwanza darasani, na neno la kwanza kujifunza kuandika lilikuwa hilohilo. Akaligonga kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, akizitaja kwa sauti kama mbele ya mwalimu, na Wilhelmina akamsomea mwaka wa ndoa.

Katikati ya kazi bando likaisha. La kwangu! Yeremia akawasha la kwake. Tableti ile niliyoisema vibaya tangu mwaka juzi.

Kelele zilipenya mpaka kwenye vidole. Nikakimbilia ndani. Imefunguka! Barua ya kamati wameitoa kwenye taka, ile isiyo na salamu. Lukman akasema nibofye mwenyewe, mimi ndiye katibu. Nikabofya, saa tisa na dakika hamsini na mbili. Jibu likaja: kikundi cha tisa kati ya kumi. Yeremia akanikumbatia. Nilimruhusu.

Mama mkwe akatuma ujumbe kupitia kwa Wilhelmina, ingawa tulikuwa hatua tatu tu. Kwanza, kumtia mkwe kwenye mashine ni kosa, faini mbuzi mmoja, na Yeremia ndiye atakayemchagua. Pili, kwamba mashemasi na mapadri wamemuombea, wajukuu wamerithi sura yake, lakini hajawahi kusikia mtu akilifanya jina lake kuwa kufuli la nyumba. Wilhelmina alipofika hapo akafuta macho. Nikatazama dari.

Jumapili, 20 Julai

Wamenibakiza ukatibu! Yeremia mwenyewe ndiye aliyependekeza. Sijui anapanga nini.

Lukman ameagiza neno la siri libadilishwe, na hili jipya nisimpe mtu. Nimelifikiria kwa makini. Kosa langu la wiki hii nimeliona: neno lilikuwa kwa mtu mmoja tu. Mtu huyo akishindwa kulitaja, kikundi kizima kimekwama. Pia nikizeeka je? Nikisahau?

Kwa hiyo neno jipya nimelitungia wimbo. Limekuwa kiitikio. Mama mkwe amelipenda, anasema zile namba katikati zinaipa ngoma mdundo ambao haujawahi kusikika Usukumani. Leo tumelifanyia mazoezi uwanjani Kisesa, watu ishirini na sita, Yeremia kwenye ngoma kubwa. Herufi kubwa wanaitikia wanaume, ndogo wanaitikia wanawake, na kwenye alama ya mshangao wote tunaruka. Watoto wa mtaa mzima walilishika kabla ya jua kuzama, mpaka dereva wa bajaji aliyetupeleka nyumbani alikuwa analiimba.

Tutaliimba Bujora mbele ya umati, kwa vipaza sauti viwili. Mwizi anatafuta vilivyofichwa. Hatapata kitu.