Sanduku Lenye Meno: Mnyama au Chombo?

Mheshimiwa Mlezi wa Klabu ya Mazimwi ya Mezani, ambaye ametuma udhuru kwa mara ya tano, mama mwenye ukumbi uliyetuvumilia, waheshimiwa wachezaji wa meza zote mbili, wadau wa dadu, na wewe dada fundi cherehani uliyekaa mbele kabisa umekunja uso: nasimama hapa, mimi Mwenyekiti wa Kamati ya Fasili za Mazimwi, kwa unyenyekevu ambao nimekuwa nikiusifu siku zote. (Kikohozi.)

Mtakumbuka kwamba miezi kumi na minne iliyopita shujaa wa kubuni anayeongozwa na dada huyu kwa dadu, tukiwa katikati ya mchezo, alitia mkono kwenye sanduku la hazina, sanduku likamng'ata bila kuuachia mkono, na likazuka swali zito: je, hilo ni mnyama, ambaye kanuni zinaruhusu apigwe upanga, au ni chombo, ambacho kanuni zinataka kifunguliwe kwa ufunguo? Wenye upeo mfupi walisema apige tu, tuendelee. (Sauti kutoka meza ya pili: "Na tulisema kweli.") Mimi nikasema haraka haraka haina baraka, nikausimamisha mchezo kwa mujibu wa fremuweki, yaani mwongozo wetu, na tangu hapo tumefanya semina tisa, tumeunda kamati ndogo ya meno na kamati ndogo ya bawaba, na asilimia themanini na tatu ya stekiholda, yaani mimi na shemeji yangu, tumeridhishwa na mchakato.

("Mwenyekiti, kila Jumamosi naacha cherehani yangu nakuja kukaa tu. Mkono wa shujaa wangu utatoka lini?")

Swali zuri, dada, na jibu limo humu, katika Kitabu Kikuu cha Fasili ninachokizindua leo, kurasa mia sita, kazi ya jasho langu. (Makofi ya shemeji.)

("Basi nisomee ukurasa mmoja.")

Kitabu hakisomwi siku ya uzinduzi, huo ndio utaratibu. (Fundi cherehani anakichukua mezani na kukifungua.) Semeni nami: fasili kwanza! Mchezo baadaye! (Shemeji peke yake anaitikia.)

Namalizia kwa kumshukuru dada huyuhuyu, aliyetushonea jalada hili la ngozi bila kuuliza litafunika nini. Na hayo magazeti unayoyatoa ndani yake, dada, tuliyaweka ili lisimame tu, maana kamati bado haijaandika neno.

(Fundi cherehani anachukua dadu. "Napiga upanga," anasema, na viti vyote vinageukia meza yake.)